Nilimwambia Musawo ni Vumbi

Nimekosa. Naanza na hilo kwa sababu nikizungukazunguka nitajipatia visingizio, na visingizio nimeshachoka navyo. Mimi ndiye niliyemharibia mdogo wangu jicho la kushoto. Si vita, si njaa, wala si Mungu kama mama yangu alivyokuwa akisema miezi yote ile. Ni mimi na mdomo wangu huu.

Usitegemee nilie. Wengi wanaoandika makosa yao wanalia, nimewasoma. Mimi machozi yalikataa kutoka na mpaka leo hayajatoka. Nakula, nalala, nafua nguo, nateka maji. Ukinifinya nitajua umenifinya, lakini hainiumi. Basi nisikilize hivyohivyo.

Naishi Nakivale, kambi ya wakimbizi ya huku Uganda. Nilifika hapa nikiwa na miaka saba, nimeshikwa mkono na mama mudogo, yaani mdogo wake mama. Tulitoka upande wa Uvira, Kivu ya Kusini, na katika kukimbia tukapotezana na mama. Alikuwa na mimba kubwa. Sisi tukaja huku, yeye akabaki kule, akajifungua kule, mtoto wa kike. Nitamwita Riziki, si jina lake.

Miaka kumi na tano nilikuwa na mama wa kwenye simu na mdogo wa kwenye simu. Mtandao ukikubali nasikia sauti, ukikataa basi.

Mimi nikasoma shule za hapa. Kiingereza nikakijua, Kinyankole, lugha ya wenyeji wa hapa, nikakijua, nyumbani tunaongea Kiswahili chetu na Kifuliru. Hizo lugha ndizo zilizonipatia kazi ya kujitolea kwenye kituo cha afya. Kazi yenyewe ni kutafsiri. Mgonjwa Mkongomani anasema, mimi namwambia musawo kwa Kiingereza; musawo anajibu, mimi narudisha kwa Kiswahili. Musawo ndiye muuguzi, huku Uganda wote tunawaita hivyo. Wa kwetu alikuwa mama mmoja Munyankole, mkali, mwenye miwani ya kamba, ambaye Kiswahili hakijui hata cha kuomba maji.

Nilipewa kizibao cha bluu. Yo! Kile kizibao! Nikipita nacho njiani wazee wananiamkia mimi kwanza. Akina mama wananishika mkono: "Binti, kesho uko pale? Mimi sitaki mwengine anisemee, nataka wewe." Kwa mkimbizi aliyekuwa hana kitu, kuaminiwa namna hiyo kunapanda kichwani. Nilikipiga pasi kile kizibao kuliko gauni langu la kanisani.

Sasa nikuambie udhaifu wangu, ingawa utaona ni wa kitoto.

Napenda vitu vya kipuuzi. Hereni za umbo la yai la kukaanga. Vibanio vya nywele vyenye stroberi na vyura. Soksi zenye masikio ya sungura. Kipochi cha umbo la kuku, ukitaka kutoa simu unamfungua mgongoni. Na bombo! Sisi tunaita bombo, wengine peremende. Kuna ile ya unga unaouweka ulimini inaanza kupasuka pa-pa-pa mpaka inaleta ganzi. Kuna ile inayokuachia ulimi wa bluu siku nzima. Kuna pete ya kulamba, unaivaa kidoleni na unaimaliza njiani.

Mama mudogo alikuwa ananicheka. "Mutu muzima na chura mu kichwa!"

Lakini hebu fikiria. Nimekulia fasi, mahali ambapo kila kitu ulichonacho jirani anacho, na kimefanana. Blanketi lile lile, jeri kani ile ile, sufuria ile ile, sabuni ile ile ya kipande kirefu. Unapanga mstari, unapewa, unaondoka. Kibanio cha chura hakuna mtu aliyenipangia. Hakina kazi yoyote, na mimi nilikipenda kwa sababu hiyo hiyo. Nilikichagua mwenyewe kati ya vibanio mia.

Nilikuwa navinunua mjini Mbarara, mtaa wa Kakoba, kwenye duka dogo la mama mmoja Mwislamu tuliyemzoea kwa jina la Mama Shamimu. Nikienda mara moja kwa mwezi nanunua vyangu na vya kuuza kidogo kwa wasichana wa Nakivale. Akiniona mlangoni anaanza kucheka kabla sijaingia: "Mukongomani wangu! Leo niko na kitu mupya, utaanguka!"

Siku moja kitu kipya kilikuwa lenzi. Vile vigozi vya plastiki vya rangi unavyobandika juu ya mboni ya jicho. Za kijivu na mstari mweusi katikati, macho ya paka kabisa. Nilipozivaa na kujitazama kwenye kioo chake nilipiga kelele, wateja wakageuka. Nikanunua zangu na pakiti chache za kuuza.

Mama Shamimu alinionya. Nataka hilo lijulikane, nisije nikamsingizia. Alinishika kifundo cha mkono akasema, "Sikia. Hii iko ya mutu moja. Iko kama nguo ya ndani. Wewe unaweza kuazima mutu nguo yako ya ndani?"

Nikacheka, nikasema hapana.

"Na ya kulala nayo hapana. Na maji ya jeri kani hapana, iko na dawa yake ya kuoshea. Ikiisha kuja hapa nakupa ingine."

Nilisikia yote. Masikio yangu ni mazima.

Wasichana walizinunua haraka. Mmoja alikuwa mtoto wa wafugaji wa Endiinzi, mji mdogo wa jirani, mwenyeji wa Uganda, alikuwa anakuja sokoni kwetu na maziwa. Wiki mbili baadaye nikamwona kwenye kituo cha afya, jicho jekundu, linatoa maji. Huyo hakuhitaji mkalimani. Alikaa mbele ya musawo akasema mwenyewe kwa Kinyankole chake kwamba amevaa lenzi za rangi na amelala nazo. Mimi nilikuwa nimesimama pembeni na kizibao changu.

Musawo aliruka. Hakumfunga jicho, hakumpaka mafuta. Alimwekea dawa ya matone, akaandika barua, akampandisha boda siku ile ile kwenda Mbarara kwa madaktari wa macho. Msichana alipona. Nimemwona mwenyewe sokoni na maziwa yake, macho yote mawili yanacheka.

Alipotoka, musawo akaniuliza kama najua nani anauza vile vitu. Nikasema sijui. Akasema, "Siku nitakayomjua, hapa kwangu hatakanyaga, hata kama ni nani."

Nilirudi nyumbani nikazificha pakiti zilizobaki chini ya godoro. Zangu mwenyewe sikuzitupa. Niliziona nzuri mno, nikajiambia nitakuwa mwangalifu.

Ni wakati huo mama na Riziki walipofika. Vita vilikuwa vimewaka tena kule, wakavuka mipaka miwili, wakatufikia na mfuko mmoja wa nguo. Riziki alikuwa na miaka kumi na tano. Mrefu, mwembamba, shingo ndefu kama ya mama. Nilipomwona nilishindwa hata kumkumbatia vizuri, nikampiga tu bega kama mtu wa mpira.

Hatukujuana, jamani. Damu moja, lakini tulikuwa tunakaa kwenye mkeka tunatazamana kama wageni. Hakuwa na maneno mengi. Usiku wa kwanza alilala na viatu.

Basi nikamletea bombo la kupasuka. Nikamwambia fungua mdomo, nikamwagia ulimini. Alishtuka! Akashika mashavu, macho yakamtoka, halafu akaanza kucheka, cheko la ajabu, la kuvuta pumzi kwa ndani. Mama alitoka nje ya nyumba kuja kuona. Akasimama pale mlangoni na mwiko mkononi. "Miezi mingi sijasikia huyu mutoto anacheka," akasema.

Kuanzia siku hiyo akaniita yaya. Kwetu yaya ni ndugu mkubwa. Yaya nipe kibanio, yaya nifunge nywele, yaya hii soksi ina masikio kweli? Nikamvalisha kila kitu. Tukatembea Nakivale nzima na ndimi za bluu. Watoto wakatufuata. Nikikumbuka hapo najua nilikuwa na furaha, najua kama mtu anavyojua jina la barabara. Kuisikia siisikii tena.

Ikafika sikukuu ya mavuno kanisani. Riziki alikuwa ameingia kwaya ya vijana, na siku hiyo wataimba mbele. Asubuhi akanikuta najitazama kwenye kioo na macho ya paka.

"Yaya, nivalishe na mimi hayo."

"Haya ni ya mutu moja."

"Leo tu. Niimbe nayo tu, nirudishe."

Nikasema haya. Nilisema haraka namna hiyo. Nilizitoa machoni kwangu. Dawa ya kuoshea ilikuwa imeisha zamani, nilikuwa natumia maji ya jeri kani. Siku hiyo jeri kani ilikuwa nje na tulikuwa tumechelewa, basi nikazilamba. Ndiyo, nilizilamba kwa ulimi kama mtu anavyolamba uzi wa sindano, nikazibandika kwenye macho ya mdogo wangu kwa vidole vyangu.

Aliimba vizuri sana. Watu walimshangaa, mzee mmoja akauliza huyu mzungu mweusi katoka wapi, kanisa likacheka. Riziki alirukaruka kwa furaha. Tulirudi nyumbani tumeshiba, akajitupa kwenye mkeka, akalala mpaka asubuhi. Mimi nilijua bado anazo machoni. Nilifikiri kumwamsha. Nikaona amelala vizuri, nikamwacha.

Asubuhi tulizitoa, jicho la kushoto likawa linachoma. Jioni lilikuwa jekundu. Kesho yake likavimba, na katikati, juu ya mboni, pakaonekana kidoa cheupe kama punje ya mchele. Mama akauliza, Riziki akamwambia ukweli wote: ni macho ya plastiki ya yaya. Mama alinigombeza kwa Kifuliru dakika nzima, halafu akapoa. "Mulikosa, nyote ni batoto," akasema. "Twende kwa muganga, tumwambie, atatoa dawa." Akachukua kitenge chake akajifunga.

Muganga kwetu ni yeyote anayetibu hospitalini, basi sisi watatu tukaenda kituo cha afya. Mimi nilivaa kizibao.

Sasa hapa ndipo penyewe.

Riziki akakaa kwenye kiti. Mama akakaa nyuma yake, mikono kwenye mabega yake. Musawo akamwangalia jicho na tochi, akaniambia, "Muulize ilianza vipi. Na kama kuna kitu aliingiza kwenye jicho."

Nikamuuliza, neno kwa neno, kama ninavyowauliza wote.

Riziki akajibu kwa Kiswahili, sauti ndogo, ananiangalia mimi na jicho moja: "Mwambie nilivaa macho ya plastiki siku ya mavuno. Nikalala nayo. Kuamka ikaanza kuchoma."

Musawo akanigeukia, kalamu iko tayari. "Anasemaje?"

Nikaona kizibao. Sijui nikueleze vipi, nilikiona kifuani kwangu kana kwamba kiko kwa mtu mwingine. Nikamwona yule msichana wa Endiinzi. Nikasikia "hapa kwangu hatakanyaga". Nikafikiri, akishajua ni lenzi atauliza zilitoka wapi. Na Riziki atajibu, na mimi ndiye nitakayetafsiri.

Nikasema kwa Kiingereza, "Dasti. Anasema ni vumbi liliingia, akafikicha."

Riziki hakuelewa. Mama hakuelewa. Mama alitikisa kichwa kukubali, kwa adabu, kama mtu anayesikia anachosemewa.

Riziki kuona musawo bado anamtazama, akainua kidole akaonyesha, namna ya kubandika kitu juu ya mboni. Akafanya mara mbili, taratibu. Musawo akauliza, "Anaonyesha nini?"

"Anaonyesha jinsi alivyofikicha," nikasema.

Musawo akakunja uso. "Una hakika ni vumbi?"

"Dasti," nikasema tena.

Mara mbili! Nilipewa nafasi mara mbili na zote nikazitupa. Basi musawo akafanya wanavyofanya kwa vumbi. Akampaka mafuta, akaliziba jicho kwa pamba na plasta, akasema asilifungue, arudi baada ya siku tatu. Nikamtafsiria mama hayo vizuri sana, sikuacha hata nukta.

Mama akamshika musawo mikono miwili. Halafu akanishika mimi shavu. "Asante, mwanangu. Bila wewe tungesema naye je?"

Najua unajiuliza kwa nini sikurudi kesho yake peke yangu. Nilijiuliza pia. Nilikuwa nimeona yule wa Endiinzi hakufungwa jicho. Nilijua kuna dawa nyingine. Siku ya kwanza nikasema kesho. Siku ya pili Riziki alikuwa analia kwa maumivu, anagonga kichwa ukutani polepole, nami nikasema lile jicho linapona, kupona kunauma. Siku ya tatu tukafungua pamba. Harufu ilitoka kwanza. Lile doa lilikuwa limejaa mboni yote.

Musawo alipoliona aliandika barua. Tukapelekwa Mbarara.

Daktari wa macho pale alikuwa kijana mpole. Alituketisha wote watatu, akaangalia kwa mashine, akaangalia tena. Akaniuliza kwa Kiingereza, bila kuinua macho, "Huyu alivaa lenzi. Sivyo?"

Nikasema ndiyo.

Yaani kule nilisema kila kitu! Kulamba, kulala nazo, vumbi, kizibao, yote. Nilisema kwa Kiingereza, mama na mdogo wangu wamekaa hapo pembeni yangu, karibu magoti yetu yanagusana, na hawajui ninasema nini. Riziki alikuwa anacheza na kipochi changu cha kuku. Daktari alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema jicho la namna ile halifungwi kamwe, kulifunga ni kuupa ugonjwa chumba cha kulala. Kama ungesema siku ya kwanza, akasema. Hakumaliza.

Akaniambia niwaeleze sasa, polepole.

Mama akanishika goti. "Anasema nini?"

Nikamwambia, "Anasema tumechelewa."

"Ni hilo tu? Mbona mulisema mingi?"

"Ni maneno ya kidaktari, mama."

Mama akafumba macho akasema jina la Mungu. Riziki akauliza, "Nitaona tena?" Hilo nililitafsiri, na jibu lake nikalileta kama lilivyo. Hapana, si kwa jicho hilo.

Alilazwa, akatibiwa, maumivu yakaisha. Jicho likabaki jeupe kama maziwa yaliyomwagiwa maji. Riziki akaanza kusuka nywele za mbele ziangukie upande ule, na anazishika na kile kibanio cha chura. Mama akawa anasimulia watu kanisani: tulisema kila kitu kwa muganga, tulifanya yote, ila Mungu hakupenda. Alisema hivyo mbele yangu mara nyingi. Kila akisema nilingoja nisikie kitu ndani, nikawa sisikii. Hapo ndipo ganzi ilipoanza.

Nami niliendelea na kazi. Kila siku na kizibao changu. Nilitafsiri matumbo ya watu, mimba za watu, na sikukosea hata neno.

Muhula mpya Riziki akaingizwa shule ya hapa. Kwa sababu ya lugha walimweka darasa la nne na watoto wa miaka tisa. Hakuona aibu. Alikaa mbele kabisa kwa ajili ya jicho, akawa anameza Kiingereza. Akirudi anataja vitu vya nyumba, meza, kiti, moshi, sufuria, anataka nimwambie kama amepatia.

Siku moja alinikuta naosha vyombo nyuma ya nyumba. Alikuwa bado na sare. Akasimama, akaniuliza, "Yaya, dasti ni nini?"

Sikugeuka. "Umeisikia wapi?"

"Mwalimu alisema tupanguse madawati. Dasti ni nini?"

"Vumbi," nikasema.

Nikawa nasugua sufuria ile ile, fasi ile ile.

"Siku ile kwa muganga ulisema dasti," akasema. "Mara mbili. Mimi nilifikiri ndiyo jina la yale macho kwa Kizungu."

Ee Mungu. Nilifungua mdomo. Mimi wa lugha nne, sikupata neno katika hata moja. Akaingia ndani kubadilisha nguo. Hakumwambia mama. Hakuniuliza tena. Wiki nzima alikula, akafagia, akasoma, na mimi nikamtazama kama mtu anayengoja kuitwa jina kwenye orodha.

Ikafika siku yake ya kwenda kuangaliwa jicho. Kituo kile kile, musawo yule yule, viti vile vile. Mama nyuma, mikono mabegani. Mimi pembeni.

Musawo akasema, "Muulize anaendeleaje."

Nikavuta pumzi nimuulize. Riziki akainua mkono juu, kama darasani. Musawo akashangaa, akatabasamu, akamwambia sema.

Akasema kwa Kiingereza. Alisema vipande vipande, anavitafuta kimoja kimoja, na kila alichokipata kilikuwa sawa. Nilimwona midomo inavyofanya kazi. Halafu akaweka mkono chini.

Musawo akaiweka kalamu mezani. Akavua miwani. Nje mtoto wa mtu akawa analia sindano.

Mama akainama akanigusa begani. "Anasema nini?"

Nikamtazama musawo. Akasema, "Ni kazi yako. Mtafsirie mama yako."

Basi nikatafsiri. "Mama, anasema hivi: Haikuwa vumbi. Mimi nilimwambia dada yangu, macho ya plastiki. Dada yangu akasema vumbi. Muganga akafunga jicho langu kwa sababu ya vumbi. Mimi sina jicho kwa sababu ya neno hilo."

Sikupunguza na sikuongeza. Ilikuwa tafsiri nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya.

Mama hakupiga kelele. Nilitaka apige. Aliuliza jambo moja, sauti ya kawaida kabisa. "Na ule daktari ya Mbarara. Mulisema mingi. Mimi uliniletea neno moja. Mengine yalikuwa nini?"

Nikamwambia na hayo. Nilipomaliza, alitoa mikono kwenye mabega ya Riziki akaifuta kwenye kitenge, sijui alikuwa anafuta nini. Musawo hakunifokea. Alinyoosha mkono tu juu ya meza, nami nikavua kizibao nikampa, kimepigwa pasi.

Sasa hivi mama akiumwa anaenda kituoni na Riziki. Kiingereza chake bado kidogo, lakini mama anasema kinamtosha. Zile pakiti za chini ya godoro nilizichoma. Mama Shamimu nilimfuata Kakoba nikamweleza, akakaa chini, akaziondoa zote kwenye meza yake, akalia. Nilimwonea wivu kwa kule kulia.

Nyinyi wasichana wenzangu, vaeni vyura, vaeni mayai ya kukaanga, kuleni bombo mpaka ndimi ziwe za bluu, hakuna ubaya. Ila kitu cha kuingia mwilini mwa mtu musiazimane, na aliyewaonya musimcheke. Na nyinyi mnaosemea wengine, hospitalini, ofisini, mbele ya polisi, fasi yoyote, mkipewa maneno ya mtu yafikisheni kama yalivyo. Hata kama yanawataja ninyi. Yakikutaja wewe ndipo hasa uyafikishe, maana aliyekukabidhi hana njia nyingine.

Riziki hajaniita yaya tangu siku ile. Hajaninunia, ananipa chumvi nikiomba. Wiki iliyopita nilimletea bombo la kupasuka, akalipokea, akaliweka juu ya dirisha na pale lipo. Lakini kila anachoniambia sasa ananiambia kwa Kiingereza, hata habari ya maji, hata ya kuni, na mama akiwa hapo anageuka kuniuliza, "Anasema nini?" Nami namwambia.